Hesabuni mwaka wa tatu: barua ya wazi kwa Waziri na magavana wetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali. Na kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti za ukanda wa ziwa, za Magharibi, na wa Nakuru.

Waheshimiwa,

Ndani ya stoo ya maabara ninayofanyia kazi, kama mwendo wa saa moja kwa matatu kutoka Kisumu mjini, kuna mashine niliyoifunika leso. Leso yenyewe niliinunua soko la Kibuye kwa pesa zangu, kwa sababu vumbi lilikuwa limeanza kuingia kwenye lenzi na moyo wangu haukukubali. Ni mashine ya kusoma slaidi za damu kwa akili mnemba. Unaiwekea slaidi, inaipiga picha sehemu baada ya sehemu, halafu inakuandikia kama imeona vimelea vya malaria na ni vingapi. Siku ya kuizindua tulikuwa na mahema matatu, kwaya ya akina mama na hotuba nne. Msemaji wa mwisho alitangaza kwamba hadubini zetu sasa ni za kupelekwa makumbusho. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa moyo wangu wote, kwa kuwa msimu wa masika mimi husoma slaidi mpaka macho yanatoka machozi.

Mashine ile haikuwa ya uongo, na ni haki niliseme hilo mapema. Wiki tano za kwanza nilikuwa nikisoma slaidi kwa macho yangu, naandika daftarini, kisha naipa mashine slaidi zilezile. Mara nyingi tulikubaliana. Tulianza kuachana maji yalipobadilika. Rangi ya Giemsa, ile inayofanya vimelea vionekane kwenye slaidi, tunaiosha kwa maji ya kisima cha hospitali, na ukame ukizidi, maji hayo huacha chembe ndogo nyeusi juu ya slaidi. Mimi nikiziona najua ni uchafu. Nazijua kama ninavyoujua mwandiko wangu. Mashine ilizihesabu kuwa vimelea. Mtoto wa watu angerudishwa nyumbani na dawa za malaria huku nimonia inammaliza. Nikaandika, nikatuma picha, nikaambiwa programu itarekebishwa. Baadaye stima ikaanza kupotea mchana, na betri ya kuishikilia mashine haikuwa kwenye mkataba. Mwezi wa saba leseni ikaisha. Kumbe ni ya kulipiwa mwaka kwa mwaka, kwa dola, na ilikuwa imeanza kuhesabiwa tangu mashine ikiwa bandarini. Wenye bajeti wakasema kifaa ni cha msaada, hakina fungu. Wafadhili wakasema mradi umefungwa. Wauzaji walijibu barua pepe mbili. Ya tatu hawakuijibu.

Hakuna aliyeiba kitu hapo. Kila mtu alitimiza sehemu yake, na sehemu zote zilikuwa za siku ya uzinduzi. Mwezi huohuo hadubini yetu ya pili iliungua balbu. Ilikaa wiki sita bila balbu, na foleni ya akina mama wenye watoto wa homa ikafika kwenye mwembe ulio nje.

Ombi langu naliweka hapa juu lisije likapotea katikati ya maneno mengi. Kila teknolojia mpya mnayotuletea, ipimeni kwa hali yake katika mwaka wa tatu, kisha mtutangazie matokeo kwa sauti ileile mliyoitumia siku ya kukata utepe, yawe mazuri au mabaya.

Msinidhanie kuwa adui wa vitu vipya. Nilipoanza kazi hii, miaka 19 iliyopita, kifua kikuu tulikitafuta kwa hadubini peke yake. Makohozi lazima yawe na maelfu ya bakteria katika kila mililita ndipo jicho liwaone, na mgonjwa mwenye VVU mara nyingi hana wengi kiasi hicho. Kwa hiyo tulikuwa tukimwambia hana ugonjwa, naye anao. Kuotesha bakteria kulichukua wiki kadhaa, na wengine hawakuzifikia hizo wiki. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha kipimo cha GeneXpert. Leo, kwa muda usiotimia saa mbili, naweza kumwambia mtu kama ana kifua kikuu na kama bakteria wake wameshazoea rifampicin, dawa tunayoitegemea sana. Nimeona watu waliozungushwa hospitali hii na ile kwa miezi wakianza dawa siku hiyohiyo. Nikisikia mtu anasema teknolojia haijatusaidia kitu, natamani nimshike mkono nimlete aione ile mashine ikifanya kazi.

Lakini sikilizeni kinachoiweka hai. Kila kipimo kinakula katriji moja, na katriji zisipofika, mashine ni kabati tu. Haivumilii joto la kupita nyuzi 30, na Kisumu ya Februari mchana inazipita. Kwa hiyo inataka kiyoyozi, kiyoyozi kinataka stima, na stima ikipotea inatakiwa jenereta yenye mafuta. Moduli zake zinahitaji kukaguliwa usahihi kila mwaka. Haya yote yana bei, na ni bei isiyopigwa picha. Ya kwetu imefika mwaka wa nane kwa sababu kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha katriji zimeagizwa kabla hazijaisha. Jina lake halijawahi kutajwa kwenye hotuba yoyote.

Mfano mkubwa zaidi uko hapahapa kwetu. Kazi ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza mwaka 1987. Majaribio yake makubwa yalifanyika kati ya 2009 na 2014, kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Kati ya vituo 11 vya majaribio hayo, vitatu vilikuwa Kenya: Kilifi, Siaya na Kombewa. Kombewa ni Kisumu. Watoto waliotolewa damu, wazazi waliotia saini au dole gumba, wahudumu waliopanda bodaboda kuwafuata vijijini mwaka baada ya mwaka, ni watu wetu.

Matokeo yalipotoka, hayakuwa ya kupigiwa tarumbeta. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na wakapata dozi zote nne, chanjo ilipunguza visa vya malaria kwa asilimia 36 hivi katika muda wa kama miaka minne. Asilimia 36. Mtu wa mauzo angeizungushia maneno mpaka isionekane. Waliofanya utafiti waliiandika ilivyo. Waliandika pia jambo la kutia hofu: kwa waliochanjwa kulionekana visa vingi zaidi vya homa ya uti wa mgongo, na haikujulikana kama ni chanjo au ni sadfa ya hesabu. Basi Shirika la Afya Duniani halikukimbilia kuisambaza. Liliomba ijaribiwe kwanza katika huduma za kawaida za watoto, katika nchi tatu: Ghana, Malawi na Kenya. Kwetu ilizinduliwa Homa Bay, Septemba 2019. Maeneo mengine yalianza, mengine yakasubiri ili tupate cha kulinganisha, na kusubiri kule kuliwauma wazazi wengi. Nilikuwa nao, nawajua. Ile hofu ya homa ya uti wa mgongo haikuthibitika. Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba katika maeneo yaliyochanja, vifo vya watoto wa umri unaohusika vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13, na mwezi huohuo chanjo ya pili, R21, ikaongezwa.

Kutoka 1987 hadi sindano ya kwanza Homa Bay ni miaka 32. Mzazi akiniuliza leo kama chanjo hiyo inafanya kazi, namjibu kwamba inasaidia, haimalizi ugonjwa, dozi ya nne asiiache, na chandarua kibaki palepale kitandani. Ananielewa. Hajawahi hata mmoja kuniambia kwamba asilimia 36 ni kidogo mno asijisumbue. Watu wetu wanaweza kuubeba ukweli wenye namba ndogo. Wanachochoka nacho ni kuambiwa kitu kimeisha, kisha wanakikuta nyumbani.

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapo naomba kutofautiana nao kidogo. Chanjo ile haikujiuza hata siku moja. Ilitembezwa nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya wa jamii, wengine wakifukuzwa mlangoni. Vizuri na vibaya vyote hutembezwa. Mimi humwangalia anayekitembeza: je, anakubali kurudi baadaye kuhesabu?

Wakazi wa Kisumu, Kakamega, Kericho na Nakuru watayakumbuka maputo ya Loon. Julai 2020 kampuni hiyo ya kundi la Alphabet, wenye Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutuma intaneti kutoka kwenye maputo yaliyoelea kama kilomita 20 juu ya vichwa vyetu. Yalirushwa kutoka Puerto Rico na Nevada, yakavuka bahari, na yalijiongoza kwa kupanda na kushuka yakitafuta upepo unaoelekea yanakotaka. Eneo lililolengwa lilikuwa kama kilomita za mraba 50,000 za magharibi na katikati ya Kenya. Kihandisi ni kazi ya kustaajabisha, na mpaka leo naistaajabia. Januari 2021 wenyewe wakatangaza kwamba wanafunga, kwa kuwa gharama haikushuka kiasi cha mradi kujitegemea. Tarehe 1 Machi huduma ya Kenya ikakoma. Haikutimiza miezi minane.

Siwalaumu wahandisi. Walijaribu, wakapima, wakasema wazi kwamba haikuwezekana, na wakaahidi dola milioni 10 kwa kazi za mawasiliano, biashara na elimu nchini mwetu. Kinachoniuma ni upande wetu. Kati ya waliosimama kwenye vipaza sauti wakituambia kwamba kijiji kimeunganishwa na dunia, sikumsikia hata mmoja aliyerudi kutuambia kwamba kimekatwa. Na swali ambalo lingefaa kuulizwa Julai ile lilikuwa dogo tu: maputo yakiondoka, mnara wa chini utakuwa umesimama wapi?

Linganisheni na M-Pesa. Jaribio lake lilianza mwaka 2005, na lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa kwenye jaribio wakaitumia vingine. Wakaanza kutumiana pesa. Waliousimamia mradi wakawatazama, wakaacha mpango wao wa kwanza, na Machi 2007 huduma ikatolewa kwa watu wote ikiwa ni ya kutuma pesa nyumbani. Wenye umri wangu mnajua pesa za nyumbani zilivyosafiri kabla ya hapo: kwa dereva wa basi la usiku, kwa binamu anayekuja matangani, kwa bahasha iliyoshonewa ndani ya mto. M-Pesa haikumdai mtu simu mpya. Ilikubali mulika mwizi. Na sehemu iliyofanya kazi ngumu haikuwa ndani ya simu kabisa. Ilikuwa ni mwenye duka aliyekaa na floti, yaani akiba ya pesa za kuwapa wateja, anafungua saa kumi na mbili asubuhi, akijua kwamba mama akija kutoa elfu mbili ni lazima azikute. Ajenti akikosa floti mara mbili, mama yule haji mara ya tatu. Kila anayeniletea teknolojia siku hizi namuuliza, ajenti wako ni nani, na floti yake inatoka wapi? Wengi hawana jibu.

Sasa neno ni akili mnemba. Machi 2025 serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Mnemba wa 2025 hadi 2030, na tangu hapo nalisikia karibu katika kila hotuba. Kwa hiyo niwakumbushe jambo moja. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa walioijenga taaluma hiyo, ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, alisema watu waache kuwafunza madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa sababu ndani ya miaka 5, labda 10, mashine zingewashinda. Miaka 5 ilikwisha zamani. Madaktari hao bado tunawatafuta kwa tochi huku kwetu. Kama tungelisikiliza neno lile na kufunga masomo yao, leo tusingekuwa na mashine wala daktari.

Hata hivyo, ndani ya ahadi ile kubwa kulikuwa na kitu kidogo cha kweli, na ni vizuri kukitazama kwa makini. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zikubaliwe kusoma picha za kifua katika kuwachuja watu wanaoweza kuwa na kifua kikuu, kwa wenye miaka 15 na zaidi. Tazameni mipaka yake. Ni kifua tu. Ni ugonjwa mmoja. Watoto hawamo. Kazi yenyewe ni kuchuja, kisha makohozi yanakuja kwangu yathibitishwe. Mahali pasipo na daktari wa eksirei hata mmoja, jambo hilo ni kubwa sana, na mipaka yake ndiyo inayonifanya niliamini. Nikiletewa ahadi isiyo na mipaka naingiwa na woga, kwa sababu nakumbuka programu iliyofunzwa kwa slaidi safi za mbali, isiyojua maji ya kisima chetu.

Mheshimiwa wa Nakuru, kaunti yako ina shule nzuri ya jambo hili, na iko chini ya ardhi. Uchimbaji wa mvuke Olkaria ulianza miaka ya 1950. Umeme wa kwanza, megawati 15, ulipatikana mwaka 1981. Katikati hapo ni robo ya karne ya visima, vingine vikikosa mvuke wa kutosha. Leo kama asilimia 40 hivi ya umeme wa Kenya hutoka kwenye joto la ardhini. Menengai nako, juu ya mji wenyewe wa Nakuru, uchimbaji ulianza 2011 na mtambo wa kwanza wa umeme, megawati 35, ukaja 2023. Miaka 12.

Kisha Mei 2024, Rais akiwa ziarani Marekani, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza uwekezaji wa dola bilioni 1, pamoja na kituo cha data huko Olkaria kitakachotumia mvuke, kikianza na megawati 100. Megawati 100 ni karibu mara tatu ya mtambo ule wa Menengai. Natamani kifanikiwe. Vijana wa Naivasha na Gilgil wanaosomea kompyuta wamelishika tangazo lile kama hati ya shamba. Kwa hiyo wajibiwe kwa tarehe na kwa namba. Kazi imefika wapi? Wajenzi wakishaondoka, ajira za kudumu zitabaki ngapi, na za nani? Maji ya kupozea mitambo yatatoka wapi, katika nchi inayogombania maji ya ziwa Naivasha tayari? Umeme huo utaongezwa, au utatolewa kwa anayeutumia sasa? Kama majibu hayajakamilika, semeni yaliyopo. Kijana anayejua kwamba jambo litachukua miaka kumi anaweza kupanga maisha yake. Anayeambiwa ni kesho, kila kesho, anashindwa hata kupanda miche.

Nina jambo jingine la kazi yetu ya maabara. Huko Marekani, kampuni ya Theranos iliahidi kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu ya kidole, na mwaka 2014 ilithaminiwa kuwa kama dola bilioni 9. Mtu yeyote aliyewahi kukamua kidole cha mtoto anajua kwamba damu ile huchanganyika na maji ya mwili, na seli zake hupasuka, na baadhi ya namba hupotoka. Bodi ya kampuni ilijaa waliokuwa mawaziri na majenerali. Waliofichua kwamba majibu hayaaminiki walikuwamo vijana wa maabara yake yenyewe, Erika Cheung na Tyler Shultz. Januari 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji. Huwa nawafikiria vijana wale wawili. Kwenye meza zetu za kutia saini mikataba, fundi atakayekaa na kifaa kila siku hayupo. Mimi niliiona mashine yangu kwa mara ya kwanza siku ileile kwaya iliyoiona.

Kwa hiyo muiteni kabla ya saini. Muuguzi, fundi, mwalimu wa darasa la tatu, afisa wa kilimo wa wadi, yeyote atakayekitumia. Mpeni nakala ya mkataba asome, na akisema maji ya kisima ni tatizo, liandikwe.

Na kila kaunti iweke daftari la wazi, linalosomeka kwa simu na linalobandikwa kwenye ofisi ya wadi. Liseme kifaa ni kipi, kilinunuliwa au kililetwa na nani, kiliahidi nini kwa namba, kiligharimu nini, na kila Juni liseme kinafanya nini. Kikifa, kiandikwe kuwa kimekufa na sababu yake, bila mtu kuadhibiwa kwa kuiandika. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari tunayo tangu 2016. Siombi upendeleo hapo.

La mwisho ni gumu, nalijua. Msaada usio na fungu la mwaka wa tatu ukataeni. Kukataa mashine ya bure mbele ya kamera kunaonekana kama kuwanyima wagonjwa. Lakini mashine ya bure isiyo na katriji, leseni, betri na fundi inatugharimu chumba, inatugharimu siku za mafunzo, na inakula imani ya watu. Mwaka jana nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake kupimwa aliniuliza ile mashine mpya iko wapi. Alikuwapo siku ya uzinduzi, aliimba kwenye kwaya. Alidhani naificha kwa kuwa hana pesa za kunipa. Nilifunga kazi kwa dakika mbili, nikampeleka stoo, nikaifunua leso aone. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigusa, akauliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia ndiyo, mama, inangoja. Akanisaidia kuifunika.

Njooni wenyewe, Waheshimiwa. Chagueni Jumanne yoyote, foleni huanza saa moja asubuhi. Msilete hema wala wapiga picha. Mmoja wenu akae nami kwenye hadubini asome slaidi kumi, mwingine amtazame kijana wetu akipakia katriji kwenye GeneXpert na angoje jibu pamoja na mgonjwa. Kisha twende stoo. Nitawaonyesha daftari la zile wiki tano za kwanza, slaidi kwa slaidi, majibu yangu upande wa kushoto na ya mashine upande wa kulia. Bado ninalo.

Wenu kwa heshima,

Mtaalamu wa maabara, ukanda wa ziwa